Alikomaa Kabla Yangu

Ilianza Jumatano, wiki ya pili ya Ramadhani, saa nne na robo asubuhi, kipindi cha Kiingereza. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Koo lilikuwa limekauka na magharibi ilikuwa mbali.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mama wa Kizungu, mrefu, ambaye huandika neno moja tu ubaoni kisha akakaa juu ya meza kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Siku hiyo aliandika "mature". Midomoni mwetu lilitoka "machua". Akatusahihisha, akaona tunacheka, akatuacha. Akasema ni neno la kitu kinachokua chenyewe, kwa wakati wake, mpaka kikafika pale kilipokuwa kinaelekea. Hakuna anayekivuta wala anayekisukuma. Hutumika kwa tunda, kwa mnyama, kwa mti, kwa mtu, hata kwa wazo: mtu akipata wazo leo, akaliacha likae kichwani asilitumie upesi, nalo hufanya hivyo hivyo. Akasema hata jibini.

Jibini tulikuwa hatuijui. Akaeleza kwamba ni maziwa yaliyogandishwa yakawekwa ghalani miezi mingi mpaka yakanuka, na kadiri yanavyonuka ndivyo Wazungu wanavyoyapenda. Msichana wa Muheza anayekaa mbele yangu akanong'ona kwa Kiswahili, "Kwetu hayo wangemwagiwa kuku." Darasa zima likaangua kicheko. Sisi tuliofunga tulicheka tumeziba midomo, harufu ya saumu isitoke.

Kisha akaniita mimi. Mimi darasani huwa sisemi. Nikiitwa, masikio hushika moto na maneno yote ya Kiingereza hukimbia mara moja. Lakini siku hiyo moja halikukimbia. Nikasema kwa kukatakata kwamba kwetu Mwera, shambani kwa baba, nazi ina jina kwa kila umri. Ikianza ni kidaka, na vidaka vingi huanguka vingali hivyo hivyo, havifiki popote. Kisha kitale. Kisha dafu la kunywa. Kisha koroma, ambalo maji yake yamepoteza utamu na nyama yake haijafaa kukunwa. Mwisho ndiyo nazi.

"Na ipi kati ya hizo ndiyo mature?" akauliza.

"Ile inayoanguka yenyewe," nikasema.

Alifurahi mno. Akasema Kiingereza kina neno moja pale ambapo sisi tuna matano, na kwamba tusione haya kwa hilo, Waingereza ndio waone haya. Akatupa kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize mtu mzima wa kwao, unajuaje kwamba kitu kimekomaa? Majibu tuyalete kesho yake kwa Kiingereza. Nilitoka darasani nimevimba kichwa. Njia nzima kutoka Raskazone mpaka Mabawa nilikuwa nalirudia lile neno moyoni, na mvua ya masika ilininyeshea nisijali.

Naishi kwa bibi yangu mzaa mama. Baba na mama wako Mwera, mimi nililetwa mjini kwa ajili ya shule. Nyumba ni ya bibi ila anayeilisha ni mjomba wangu, karani wa reli, mtu wa maneno machache, ambaye mkewe alifariki zamani akamwachia binti mmoja. Binti huyo ananifuata kwa mwaka mmoja na kidogo. Yuko darasa la saba. Tunalala kitanda kimoja, tunakwenda shule njia moja mpaka inapogawanyika, yeye huniita dada nami humwita mdogo wangu.

Kwa bibi kuna sheria ambayo haijatamkwa lakini kila mtu anaijua. Msichana husoma mpaka avunje ungo. Akishaona damu yake ya kwanza anakuwa mwari, anakabidhiwa kungwi wa kumfunza, na mlango wa mbele huwa si wake tena mpaka siku ya harusi. Mama yangu alipita hivyo, na dada zake wote. Mimi nimefika darasa la tisa kwa sababu moja tu, nayo si akili. Mwili wangu umechelewa.

Mdogo wangu wake umewahi. Aliona mara ya kwanza mwezi wa Rajabu. Alinivuta hadi uani, akanishika kidole gumba kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo kabisa, akaniambia. Nikataka kupiga kelele ya furaha, akaniziba mdomo.

"Dada, usiseme kwa mtu. Wakijua sitoki tena."

"Watajua tu."

"Wajue nikishamaliza darasa la nane. Nataka kusomea ukunga."

Mtaani kwetu hupita mwanamke wa Kibondei mwenye baiskeli na mkoba mweusi, mkunga wa serikali. Akipita, mdogo wangu huacha lolote analolifanya. Basi hicho ndicho alichokitaka: ile baiskeli na ule mkoba. Nikaapa sitasema.

Kuficha miezi ya kwanza hakukuwa kazi kubwa. Vitambaa vilifuliwa alfajiri na kuanikwa chini ya kanga. Tabu ilikuja Ramadhani, siku zake zilipoingia Jumapili ile. Mwanamke katika hali hiyo hafungi, haswali, wala hashiki msahafu. Hata mtoto wa chuoni anajua. Lakini angeacha kufunga, bibi angeuliza. Angekosa kusimama kwenye mkeka, bibi angeuliza. Basi akashinda na njaa isiyo na thawabu, akasimama katika safu baina yangu na bibi, akainama na kuinuka pamoja nasi.

"Ni haramu," nilimwambia.

"Mungu anajua kwamba siswali," akasema. "Nainama tu. Sisomi chochote, nafikiria mihogo."

Nilicheka siku ile, Mungu anisamehe. Nilicheka na nikaswali ubavuni kwake, siku ile na zilizofuata.

Msahafu ndio uliokuwa mgumu. Macho ya bibi hayaoni herufi tena, na kila alasiri ya Ramadhani mmoja wetu humsomea. Msomaji hasa ni mdogo wangu, ana sauti ambayo watu hupunguza mwendo barabarani waisikie. Tangu Jumapili alisema koo linamwasha, na mimi nikasema, "Nitasoma mimi, bibi." Bibi akakubali. Ilikuwa rahisi hivyo.

Jumatano hiyo, baada ya swala ya alasiri, bibi alikuwa ukumbini akimenya mihogo ya futari. Kwenye mkeka huo huo aliketi shoga yake wa nyumba ya jirani akisuka ukili. Huyu ndiye kungwi wa mtaa wetu. Mabinti wengi wamepita mikononi mwake, na huwa anakutazama kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa. Mdogo wangu alikuwa akiosha mihogo. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa bado nina furaha yangu ya asubuhi, nikatoa swali langu.

"Bibi, mwalimu anauliza, mtu unajuaje kwamba kitu kimekomaa?"

"Mwalimu mzima hajui?"

"Anajua. Anataka kujua wewe unajuaje."

"Haa! Mzungu anataka kujua kwangu?" Aliweka kisu chini, akajipangusa mikono. "Basi mwandikie. Ndizi, atazame kingo zake. Ikiwa bado, ina pembe, ikikomaa inajaa inaviringana. Muhogo, ardhi hupasuka penye shina. Nazi, aitikise sikioni asikie maji yanacheza. Kuku jike, upanga wa kichwani ukiwa mwekundu amtafutie kiota."

"Na mwari?" kungwi akasema bila kuinua macho.

"Mwari hatikiswi."

Wakacheka wote wawili, mabega yakawatetemeka. Nikacheka na mimi. Kungwi akaninyooshea ule ukili wake.

"Na huyu mke mwenza wako, shoga, mwaka gani huu? Wa nyumba ya pili anaolewa Idi ikipita, na walizaliwa masika yale yale. Huyu bado kidaka."

Bibi huniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mwache mke mwenzangu," akasema. "Anasoma."

"Kusoma hakuzuii kitu kuota. Au labda ndiko kunakomkausha? Damu yote imepandia kichwani."

Nilitazama kucha zangu. Neno lile lile nililolisema darasani kwa fahari, sasa lilikuwa limekaa juu yangu. Kungwi hakuwa amemaliza. Alimgeukia mdogo wangu aliyeinama kwenye beseni.

"Mtazame mwenzake. Mtazame mabega hayo, mtazame nyonga. Wallahi huyu atampita dada yake njiani na kumpa salamu."

Mdogo wangu akatabasamu.

Naandika kwa uangalifu hapa kwa sababu nataka niseme kweli. Halikuwa tabasamu la kunicheka. Pengine lilikuwa la woga, pengine la kutojua afanye nini na uso wake. Lakini niliona meno yake na nikawaza: anajua kwamba amenishinda.

"Haya, maneno ya kufungua saumu hayo," bibi akasema. "Tusome. Mwanangu, koo limepoa? Leo usome wewe."

"Asome, asome," akasema kungwi. "Nami nisikie. Dada yake husoma kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto."

Mdogo wangu aliinuka, akaenda kutia udhu. Alikaa huko uani muda mrefu. Aliporudi na maji yakimtiririka viwikoni, hakuutazama msahafu uliokuwa tayari juu ya marfaa, alinitazama mimi. Nililijua lile tazamo. Lilikuwa linaniambia: sema. Nilichotakiwa ni kusema nilivyosema jana na juzi. Wangenicheka kidogo, na ningesoma kwa sauti yangu ya kutoamsha mtoto, na jua lingetua.

Sikusema. Nilikaa kimya nikamwacha aje.

Akapiga magoti. Akangoja kidogo tena. Kisha akanyoosha mkono, na mkono ulipokaribia kabisa, mimi nikaupiga.

"Usishike!"

Sauti yangu, ambayo darasani haifiki dawati la pili, ilifika barazani.

Mvua ilisikika kila tone. Mdogo wangu aliurudisha mkono akaushika kwa mwingine, kana kwamba umeungua.

"Kwa nini asishike?" bibi akauliza.

Nikatazama mkeka.

"Wewe. Nakuuliza wewe. Kwa nini asishike?"

Hata hapo ningeweza kusema uongo. Ningesema ana mikono ya muhogo, ningesema hakutia udhu vizuri. Ulimi wangu ni mzito siku zote, lakini wakati ule haukuwa mzito. Niliona maneno yote na sikuyachukua. Kunyamaza kwangu kukajibu.

Kungwi aliacha kusuka. "Hee, shoga," akasema polepole. "Hee. Mwalimu kapata jibu lake."

Aliinuka, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu ya mgongo, akamshika mdogo wangu kifundo cha mkono, wakaingia chumba cha ndani. Mlango ukafungwa. Nilisikia bibi akisema, "Tangu lini?" na baada ya muda, "Na umesimama ubavuni kwangu? Katika swala? Ubavuni kwangu?"

Kungwi alianza kigelegele, akakumbuka ni Ramadhani mchana, akakikata katikati. Akanigeukia kwa uso wa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Umefanya vema, mwanangu," akasema. "Msahafu ni msahafu."

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuchapwa fimbo. Hakuna lililoniuma kama sifa ile. Maana kama ningeupiga mkono ule kwa ajili ya msahafu, ningezuia na swala pia, na sikuizuia, niliicheka. Niliupiga kwa ajili ya kidaka. Niliupiga kwa ajili ya nyonga na mabega, na kwa kuwa yeye amepewa vyote, sauti na mwili, na mimi nimepewa darasa la tisa tu, nalo kwa sababu ya kuchelewa.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Kungwi alisema atakuja kesho asubuhi mapema kumchukua rasmi. Ngoma zingengoja Idi, lakini mafunzo hayangojei. Nilijua maana yake. Akishaingia yeye kwa kazi hiyo, mtaa mzima unajua ndani kuna mwari, na hakuna bibi anayeweza kumtoa mwari nje tena bila kuchekwa.

Bibi alipika chakula kidogo kabla ya adhana akampelekea mdogo wangu chumbani. "Kula sasa hivi," nilimsikia. "Wewe huna saumu." Sahani ilirudi vile vile. Bibi alisema, "Kiburi," na akaifunika kawa.

Mjomba alirudi kutoka kazini kanzu imelowa mpaka magotini. Bibi alimfuata uani alipokuwa akinawa.

"Binti yako amekuwa mtu mzima."

"Alhamdulillahi," mjomba akasema. Nilikuwa jikoni nikikoroga uji na nilimwona kupitia mlango. Alibaki ameshika kata ya maji bila kumimina. "Na shule?"

"Shule ya nini tena?"

Akamimina maji. Adhana ilipoita alikula tende na akaenda msikitini.

Mimi ndiye niliyeambiwa nimpelekee uji. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha bibi, taa ya mafuta imewekwa chini, na alipoona ni mimi akasogea kunipa nafasi. Ndilo jambo nililoshindwa kulivumilia, kwamba alisogea. Akaunywa uji wote kwa pumzi moja. Alikuwa amengoja adhana kama mtu aliyefunga.

"Ungesema tu kwamba utasoma wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenipa mlango, na nina hakika angeniamini.

"Sikusahau," nikasema.

Akanitazama. Niliona anapita juu ya jioni nzima, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka akafika.

"Kwa yale maneno ya kidaka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Dada," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo, "haya mambo yangekuwa ya kupeana, si ningekupa? Ningekupa yote. Ungekaa wewe hapa, mimi ningekwenda."

Nikachukua bakuli nikatoka. Kazi ya mwalimu niliiandika usiku huo kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya: kingo za ndizi, ardhi inayopasuka, upanga wa kuku. Kila sentensi ilikuwa sahihi. Nilipofika mwisho nilikumbuka mwalimu alituambia hakuna anayekisukuma kitu kikomae, na mimi ndiyo kwanza nimemsukuma mtu. Kitandani nilijisogeza ukutani kama kawaida, kumwachia nafasi ambayo hakuja kulala.

Alfajiri niliswali na bibi, wawili tu. Baada ya salamu bibi alibaki kwenye mkeka na tasbihi yake. Mimi nilivaa sare ya shule, nikasimama uani pale ambapo mjomba hupita kuchukua baiskeli.

Na mjomba huyu mimi sijawahi kuzungumza naye. Namwamkia, anaitika, siku imekwisha. Na mambo yenyewe si ya kumwambia mwanamume, hata angekuwa nani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo hujaondoka?"

"Mjomba, ni mimi niliyeitoa siri yake." Nilikuwa nasema na gurudumu la baiskeli. "Nilijua tangu Rajabu. Alikuwa hataki kuasi, alikuwa anataka kumaliza shule. Anataka kuwa mkunga. Jana ulimuuliza bibi, na shule? Bibi hakukujibu."

Gurudumu halikusogea.

"Maneno haya haambiwi mwanamume," akasema.

"Najua."

"Na mimi nikimwendea bibi yako kwa jambo hili, atasema nimevunja mila. Ukimwendea wewe, atasema huna adabu. Bora nini?"

"Bora nisiwe na adabu."

Mjomba alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi nenda," akasema. "Mimi kazini natakiwa saa mbili." Na akaanza kuifuta baiskeli ambayo haikuwa na vumbi.

Nilikwenda. Bibi hakugeuka.

"Saa ya shule inapita," akasema.

"Inapita, bibi."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Nikakaa chini. Nikamwambia yote, tangu Rajabu, na kwamba katika swala zile nilikuwa upande wa pili nikijua, na kwamba nilicheka. "Na jana sikumpiga mkono kwa ajili ya Mungu."

Tasbihi ikasimama. "Ulimpiga kwa ajili ya nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Wa damu?"

"Ndiyo, bibi."

"Loo, mjinga wewe," bibi akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Mjinga wewe, mke mwenzangu. Kitu chenyewe maumivu matupu."

"Yeye asipokwenda shule, mimi pia siendi."

Akageuka sasa. Bibi huwaambia wauza samaki na kila anayepita barazani kwamba mjukuu wake anasema Kiingereza. Hiyo naijua, na niliitumia, na hilo pia naliandika hapa.

"Wewe utakaa ndani kwa lipi? Hujavunja."

"Basi nitangoja humu humu mpaka nivunje."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Naomba amalize darasa la nane. Avae buibui, nami nitavaa, watu wasituulize yupi ni yupi. Nitamfikisha mlangoni mwa shule na nitamchukua."

"Akipatwa na jambo njiani, nani atasemwa? Wewe? Nitasemwa mimi. Watasema bibi alijua akamwacha mwari azurure." Akanitazama sare, akatazama mlango wa chumba cha ndani. Nyuma ya mlango hakukuwa na sauti yoyote, na nilijua mdogo wangu amesimama hapo hapo. "Mjomba wako anasemaje?"

"Amesema niseme na wewe."

"Mwoga kama babaye." Alivuta tasbihi punje moja, mbili, akaziacha. "Sitalibeba jambo hili peke yangu. Kamwite. Aje aseme kwa mdomo wake, mbele yangu, kabla shoga yangu hajaingia hapa. Aliyekufunza kuupiga mkono wa mwenzio akufunze na kukimbia. Haya!"

Uani baiskeli haikuwepo. Nilitoka mlango wa mbele bila viatu, barabara ni tope tupu, na nikamwona mjomba mbali, kofia yake nyeupe inapanda na kushuka kwenye madimbwi. Upande wa pili, penye kona, mwavuli wa kungwi ulikuwa unakuja.

Nilikimbia. Watu wa maziwa walinipisha. Nikaita, "Mjomba!", na sauti ikatoka nyembamba ile ile ya siku zote, haikumfikia. Nikashika pindo la sare, nikavuta pumzi, nikaita tena mpaka madirisha yakafunguka.